Printa mpya nyumbani: kuiseti hakulipiwi

"Mama, printa inataka PIN ya nini?"

Swali hilo liliulizwa na kijana wa gredi ya 8, sebuleni kwao Mji wa Kale, Mombasa. Mamake alikuwa na simu sikioni. Upande wa pili alikuwako bwana mmoja mpole wa maneno, aliyejitambulisha kuwa fundi wa kampuni ya printa. Alikuwa ameshatumiwa shilingi 1,500 "za leseni", na sasa alikuwa anaomba PIN, ati ahakikishe pesa zimeingia. Swali la kijana lilimfanya mama akate simu. Zile 1,500 hazikurudi, lakini salio la biashara lilibaki pale pale.

Mama huyu ni mteja wetu. Anapika oda: mahamri na mbaazi za asubuhi, sambusa na katlesi za hafla, na msimu wa harusi ukifika hapumui. Malipo yake anapokea kwa tili. Tulimwomba ruhusa tusimulie kisa chake, akakubali kwa sharti moja, tusimtaje jina, "maana hapa mtaani nitachekwa mpaka Idi." Sisi hatuoni la kuchekwa. Si yeye wa kwanza kutuletea kisa cha aina hii, na ndiyo maana somo la safari hii si la tili wala la salio. Ni somo la kuseti printa mpya kwenye kompyuta ya nyumbani, tangu dukani hadi ukurasa wa kwanza, na njiani tutakuonyesha pale ambapo wezi hujipenyeza.

Kwanza, kwa nini aliinunua. Alikuwa anaprinti saiba, kama wengi wetu. Chama chake kilimtaka stetimenti ya miezi 6 kabla ya kumpa mkopo wa friza. Akaenda saiba moja mjini, akafungua barua pepe yake kwenye kompyuta ya pale, akapakua faili, akatia neno la siri la kulifungua, zikatoka kurasa 23, akalipa, akaenda zake. Nakala aliyoihifadhi baada ya kuifungua ikabaki kwenye kompyuta ile, na barua pepe nayo hakuifunga. Siku chache baadaye akapigiwa simu na mtu anayejua ni nani aliyemlipa 8,400 Ijumaa iliyopita. Akaambiwa pesa zile zilitumwa kimakosa, azirudishe. Hapo hakudanganyika, kwa sababu mteja huyo ni jirani yake. Alichungulia dirishani akamwuliza.

Stetimenti ni karatasi nzito kuliko inavyoonekana. Ina majina ya watu waliokulipa, kiasi, siku na saa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inawapa watu hao haki juu ya habari zao, kwa hivyo ukiiacha wazi umeacha mambo yako na ya wenzako. Hatusemi saiba ni mahali pabaya. Nyingi zinaendeshwa kwa uaminifu, na kwa mtu anayechapa kurasa 5 kwa mwezi ni nafuu kuliko kununua printa. Lakini ukienda, usiinuke kitini kabla ya kufuta faili kwenye "Downloads", kulifuta tena kwenye "Recycle Bin", na kufunga barua pepe yako.

Dukani

Ukiacha mbwembwe za matangazo, printa za nyumbani ni za namna tatu. Za katriji ni rahisi kununua na ghali kulisha: katriji ndogo nyeusi mara nyingi huandikiwa kurasa mia moja na kitu tu, kisha urudi dukani. Za tangi, zile unazomiminia wino wa chupa, zinauma siku ya kwanza lakini zinatulia baadaye. Chupa nyeusi ya Epson nambari 103, kwa mfano, huandikiwa kurasa 4,500. Za leza hutumia unga uitwao tona, ambao haukauki hata printa ikikaa bila kazi, ila zinapopasha moto huvuta umeme mwingi, na tokeni zako zitakwambia. Hesabu za sandukuni zote ni za kurasa za kawaida zenye maandishi mepesi. Picha ya keki ya harusi inayojaza ukurasa mzima hula wino mara nyingi zaidi.

Mama alichukua ya tangi. Anachapa menyu, lebo za vyakula, stetimenti, na kazi za shule za watoto wawili, kwa hivyo nasi tungemshauri hivyo hivyo.

Ukipenda ya mitumba iliyotoka Uingereza, kuna jambo la kuuliza kabla ya bei. Kampuni kadhaa hugawa katriji zao kwa kanda za dunia, na printa iliyotengenezewa soko la Ulaya huweza kuikataa katriji inayouzwa huku hata zikifanana kama mapacha. Mwambie muuzaji akuonyeshe katriji yake dukani mle. Kuonyeshwa, si kuambiwa.

Kisha lipa ukiwa pale pale, sanduku limefunguliwa mbele yako na printa imewashwa. Kabla ya kutia PIN soma jina linalotokea kwenye simu, ulilinganishe na jina la dukani. Muuzaji akikwambia, "Tili leo inasumbua, dada, nitumie tu kwa namba yangu," mwambie utasubiri, au mpe pesa taslimu akuandikie risiti. Pesa zilizokwenda kwa namba ya mtu binafsi hazionyeshi kwamba ulinunua kitu katika duka lile, na printa ikifa mwezi wa tatu utakosa pa kushika dhamana. Risiti chukua kwa vyovyote. Kama printa ni ya biashara, dai iwe ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 KRA kwa jumla haikubali gharama ya biashara isiyokuwa na risiti ya namna hiyo.

Nyumba ya mawe na waifai yake

Tulimtembelea siku mbili baada ya ile simu, watu wawili kutoka ofisini. Nyumba iko kichochoroni, si mbali na Ndia Kuu. Tukapandishwa ngazi, tukapewa kahawa chungu na kaimati kabla hata ya kuulizwa tumefuata nini. Printa ilikuwa chumba cha juu, juu ya meza iliyo chini ya dirisha. Ruta ya waifai iko chini, karibu na mlango. Na katikati yake ni ile kazi ya mafundi wa zamani: mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu juu ya boriti za mikoko. Kuta za namna hii huweza kukaribia nusu mita. Zinaipoza nyumba vizuri sana, na zinaiua waifai vizuri vile vile. Kijana alitwambia yeye akitaka kusoma na simu hukaa kwenye ngazi ya tano, maana ndipo intaneti inapofika.

Kwa hivyo kabla ya kuipa printa mahali pake pa kudumu, jaribu hivi. Zima bando kwenye simu, acha waifai peke yake, kasimame pale unapotaka kuiweka, ufungue ukurasa wowote. Ukichelewa au usipofunguka kabisa, usitegemee printa ifanye vyema zaidi.

Na kwenye dirisha tuliitoa. Upepo wa bahari unaokupendeza wewe unaleta chumvi na vumbi, na jua la alasiri linakausha wino. Adui mkubwa zaidi ni unyevu. Hewa ya Mombasa mara nyingi hupita asilimia 70 ya unyevunyevu, na karatasi huunywa. Karatasi iliyokunywa unyevu hujikunja na kushikana na mwenzake, printa ikavuta mbili kwa mpigo na kukwama. Watu wengi hudhani printa ni mbovu, kumbe ni karatasi. Rimu ikishafunguliwa itie kwenye kopo kubwa la plastiki lenye mfuniko, kama lile la biskuti za Idi, na kwenye printa weka kurasa unazohitaji leo tu.

Ukiitoa sandukuni utakuta vipande vya utepe, mara nyingi vya rangi ya chungwa au buluu. Vitoe vyote, na ufunue mfuniko uangalie ndani pia. Kipande kimoja kilichosahaulika kinatosha kuzuia kichwa cha kuchapia kisitembee, na printa itapiga kelele kama iliyovunjika. Mimina wino rangi kwa rangi, pole pole. Ukiwasha mara ya kwanza itanguruma peke yake dakika 10 au zaidi ikivuta wino. Iache. Usiizime katikati, na siku zote uizime kwa kitufe chake kabla ya kuzima soketi ukutani. Ikizimwa kwa kitufe hukirudisha kichwa mahali pake na kukifunika. Ikikatwa stima ghafla, kichwa kinaweza kubaki wazi na wino ukaukie midomoni. Soketi yenye kinga dhidi ya umeme unaorudi kwa nguvu ni pesa iliyotumika vizuri. Printa ya leza usiichomeke kwenye betri ndogo ya UPS, itaizidi nguvu.

Waya au waifai

Waya ya USB ndiyo njia isiyo na maneno mengi. Mara nyingi haimo sandukuni, kwa hivyo inunue siku hiyo hiyo: upande mmoja una kichwa bapa cha kuingia kwenye kompyuta, upande wa pili kichwa cha mraba. Ukisema "waya ya printa" muuzaji ataelewa. Angalia tu kijitabu cha printa yako, kwa sababu baadhi hutaka programu iwekwe kwanza na waya ichomekwe baadaye, itakapoagizwa.

Waifai inafaa kama watu kadhaa wanachapa, au kama unachapa kutoka kwenye simu. Ugumu wake wa kwanza ni huu: ruta nyingi siku hizi hurusha mawimbi mawili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz, na printa nyingi za nyumbani husikia lile la 2.4 tu. Ikiwa ruta yako inaonyesha majina mawili ya waifai, na moja lina 5G mwishoni, printa ipe lile jingine. Ruta ikiwa na kitufe cha WPS unaweza kukibonyeza, kisha ubonyeze cha printa kabla ya dakika 2 kwisha, na zenyewe zitaelewana bila neno la siri.

Ugumu wa pili ni wa nyumba nyingi tunazozijua: waifai yenyewe ni hotspoti ya simu ya baba. Mchana printa inafanya kazi, baba akienda kuswali alasiri na simu mfukoni, printa imepotea, na nyumba nzima inamlaumu fundi. Kama ndivyo ilivyo kwenu, tumia waya, au tafuta kwenye printa kitu kinachoitwa "Wi-Fi Direct", ambapo printa inarusha mawimbi yake na kompyuta au simu inaungana nayo moja kwa moja, ruta haihusiki.

Tulimweleza Mama haya yote. Akasikiliza, akamtazama mwanawe, akasema, "Wanangu, tieni waya." Tukatia waya.

Draiva, na yule fundi wa simu

Sasa tuje mahali alipoibiwa. Kompyuta haijui kuzungumza na kila printa duniani. Inahitaji mkalimani, programu ndogo iitwayo draiva. Mkalimani huyo hutolewa na kampuni iliyotengeneza printa, na hutolewa bure, kwa sababu bila yeye printa uliyolipia ni sanduku tu.

Mara nyingi hata humtafuti. Kwenye Windows 11 chomeka waya, washa printa, hakikisha kompyuta iko kwenye intaneti, na usubiri dakika chache. Kisha fungua "Settings", halafu "Bluetooth & devices", halafu "Printers & scanners". Ukiona jina la printa yako hapo, kazi imekwisha. Usipoliona bonyeza "Add device". Kwenye Windows 10 njia ni ile ile, ila badala ya "Bluetooth & devices" utapita "Devices". Simu nyingi za Android na iPhone huchapa kwenye printa za waifai za siku hizi bila kuongezewa kitu.

Kompyuta isipoitambua printa, au ukitaka na sehemu ya kuskani ifanye kazi, nenda kwa mwenyewe aliyeitengeneza. Anwani za kuanzia ni hizi: ya HP ni 123.hp.com, ya Canon ni ij.start.canon, ya Epson ni epson.sn. Ziandike kwa mkono wako kwenye ule mstari wa anwani juu kabisa ya dirisha. Usiziandike kwenye kisanduku cha kutafutia.

Tofauti ni ndogo machoni, na ndiyo iliyomgharimu Mama shilingi 1,500. Yeye aliandika jina la printa na maneno ya kuomba msaada kwenye kisanduku cha kutafutia. Tokeo la kwanza lilikuwa tangazo la kulipiwa, lenye neno dogo "Sponsored" juu yake. Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka na nembo ya kampuni, picha ya printa ile ile, na kitufe cha kupakua. Akapakua. Mstari ukatembea, ukafika karibu na mwisho, ukasimama, ikatokea rangi nyekundu na maneno ya kwamba kuna hitilafu, zungumza na fundi sasa. Mstari ule haukuwa unapakua kitu chochote. Ni katuni tu, imechorwa ikwame.

Fundi alimpigia yeye. Akamwelekeza aweke programu ya kuishika kompyuta kutoka mbali, ati amsaidie. Akafungua sehemu ya Windows iitwayo "Event Viewer", akamwonyesha alama nyekundu na za manjano tele. "Unaona, Mama? Virusi hivi ndivyo vinavyozuia printa." Alama hizo ziko kwenye kila kompyuta ya Windows, hata iliyotoka dukani juzi, ni daftari la kompyuta la kujiandikia mambo madogo madogo yaliyochelewa au kurudiwa. Kijana alipofungua laptopu ya shule siku ya pili, akakuta zimejaa vile vile. Baada ya virusi ikaja leseni ya 1,500, na baada ya leseni ikaja PIN.

Kwa hivyo ukiwa umeshanunua printa yako, wino na karatasi, hakuna hatua nyingine kwenye kazi hii inayodai pesa. Hakuna leseni ya draiva, hakuna ada ya kuiwezesha. Fundi wa mtaani anayekuja nyumbani ni mambo mengine: umemwita wewe, unamwona, na ni haki yake kulipwa jasho lake akimaliza. Na PIN ni ya kutoa pesa tu. Anayepokea hahitaji PIN ya aliyemtumia, wala sisi hatuihitaji. Tukikupigia na kukuomba PIN, jua si sisi.

Kusoma anwani nako kunataka jicho. Soma kile kilichoko kabla ya mkwaju wa kwanza, ukianzia mwisho kurudi nyuma. Kwenye 123.hp.com mwisho wake ni hp.com, na hapo ni kwa HP. Lakini herufi hizo hizo zikiunganishwa kwa vistari na maneno mengine, kisha ndipo ije .com, anwani hiyo ni ya mtu mwingine kabisa ambaye amejivika jina.

Na kama umeshaingia mtegoni? Anza kwa kuikata kompyuta na intaneti, papo hapo. Chomoa waya au zima waifai. Piga simu kwa huduma yako ya malipo kabla ya kufanya jambo jingine lolote, kwa sababu pesa zinaweza kuzuiwa zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyezipokea, na zikishatolewa kwa wakala habari yake ni nyingine. Kwa M-Pesa, ule ujumbe wa muamala unautuma kwenda 456 kuomba urudishiwe, na ujumbe wa matapeli unautuma kwenda 333. Kisha iondoe ile programu ya kushikia kompyuta kutoka mbali, na ubadilishe neno la siri la barua pepe ukitumia kifaa kingine, si kompyuta ile. Kama umetaja PIN, ibadilishe hata kabla hujamaliza kusoma sentensi hii. Mama alikaa siku mbili kwa haya, akiona aibu kutupigia. Tulipofuatilia, pesa zilikuwa zimeshatolewa siku ile ile.

Ukurasa wa kwanza

Kwenye "Printers & scanners" bonyeza jina la printa yako, kisha "Print test page". Kwa Mama haikutoka karatasi, wala haikutokea hitilafu. Alipojaribu kuchapa menyu, kompyuta ikamwuliza faili lihifadhiwe wapi. Hili linawachanganya watu wengi. Kompyuta ilikuwa inapeleka kazi kwa "Microsoft Print to PDF", ambayo si printa ya kweli. Ni njia ya kugeuza waraka kuwa faili. Tuliondoa alama kwenye "Let Windows manage my default printer", tukaichagua printa yake na kuifanya ya kwanza.

Ukurasa ukaanza kuvutwa, taa ikawaka, ikagoma tena. Safari hii ilikuwa karatasi: programu nyingi huja zimepangiwa ukubwa wa "Letter", wa Kimarekani, nasi hapa tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Tulibadilisha kwenye kompyuta na kwenye printa yenyewe, pande zote mbili. Kazi mbili za zamani zilikuwa zimekwama kwenye foleni, tukazifuta, tukazima na kuwasha vyote viwili.

Ikatoka. Kijana aliukamata ukurasa kabla haujatua.

Ukiona mistari myeupe inakatiza maandishi, chapa kwanza ukurasa wa kukagua midomo ya wino, ulio kwenye menyu ya printa. Ikionyesha mapengo ndipo usafishe kichwa, mara moja au mbili, kisha uipumzishe. Kila usafishaji unakunywa wino wako, na kuna watu wamemaliza nusu tangi wakisafisha printa ambayo ilihitaji tu kuachwa usiku mmoja.

Kisha tukafika kwenye kazi yenyewe, stetimenti ya chama. Faili la PDF linafunguliwa kwa neno la siri. Lifungue, lichape, lifunge, na uliache likiwa limefungwa vile vile. Usihifadhi nakala isiyo na kufuli kwenye kompyuta ambayo watoto wa jirani wanaitumia kwa homuweki. Chagua rangi nyeusi peke yake, na uchape pande mbili. Kurasa 23 zikawa karatasi 12. Printa yake haigeuzi karatasi yenyewe: inachapa upande mmoja, inasimama, inakuagiza uzigeuze kwa mkono. Jaribu kwa karatasi mbili kwanza ujue inataka zigeuzwe vipi, la sivyo utapata stetimenti iliyosimama kichwa chini. Sisi wenyewe tuliipata, mbele ya mwenye nyumba.

Tukiwa mlangoni tunavaa viatu, Mama akauliza swali la maana kuliko yote ya siku ile. Anakwenda Lamu kwa Maulidi, wiki mbili nzima, je, printa itakauka? Tukamwambia wiki mbili haziiui, ila isikae mwezi. Azime kwa kitufe, aifunike kwa leso kuukuu dhidi ya vumbi, karatasi zitolewe zirudi koponi, na kijana achape ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama ni picha ya timu yake.

"Timu yake?" Mama akasema. "Basi wino utaisha."